Kuzalisha paini zinazovumilia magonjwa kwa vipandikizi: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa mvua ukikaribia simu yangu inaanza kulia na maswali ni yale yale. "Kaka, nilikata matawi ya paini kubwa za shamba nikachomeka kwenye kaveera (mifuko ya plastiki ya miche), baada ya mwezi yote yamegeuka rangi ya kutu, nimekosea wapi?" Mwingine ameambiwa apake asali. Mwingine anang'oa vijiti kila siku tatu aone kama mizizi imetoka. Nimejibu sana kwa mdomo, sasa nayaandika yote mara moja. Mimi niko Zombo, Uganda, huku juu karibu na msitu wa Lendu, nasari yangu ya miche haina umeme wala mashine ya ukungu, kwa hiyo nitakachokwambia kinafanyika kwa mbao, plastiki, mawe na jerikeni.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kama una mbegu bora za kutosha, otesha mbegu, ni rahisi na ni haraka. Vipandikizi, yaani vijiti vya machipukizi unavyochomeka vitoe mizizi, ni vya pale mbegu nzuri ni chache na bei yake inauma, ukinunua gramu kidogo tu unataka upate miche mingi. Ndivyo ilivyokuwa Afrika Kusini: mwaka 1990 waliona kwenye nasari ugonjwa wa fangasi inayoitwa Fusarium circinatum, ilikuwa inaua miche ya Pinus patula, mche unaoza shingoni (pale shina linapotokea udongoni), mti mkubwa unavuja utomvu na ncha zinakufa. Wakatafuta aina zinazovumilia zaidi kama Pinus tecunumanii, wakaichanganya na patula, na mchanganyiko huo ukawa mzuri. Lakini mbegu za mchanganyiko zinapatikana kwa kuchavusha kwa mkono, koni moja moja juu ya mti, zinatoka kidogo sana. Ndo maana wanaotesha mbegu chache, wanazifanya miti mama (ya kukatia vijiti), alafu wanazidisha kwa vipandikizi.

Na neno ni kuvumilia. Mti unaovumilia unaweza kuugua ila unaendelea kukua, haufi kirahisi. Kipandikizi ni nakala ya mama yake, kama mama anavumilia na mtoto atavumilia, kama mama ni dhaifu hakuna dawa wala mbolea itakayobadilisha. Kwa hiyo usikate kwenye mti wowote ulionao eti kwa sababu umenyooka.

Uwe navyo kabla hujaanza

- Mbegu bora zenye karatasi ya asili yake. Kwa sehemu za joto (Nakasongola, Kiboga, Masindi, Mubende) wengi tunapanda Pinus caribaea aina ya hondurensis, na mbegu zake zilizoboreshwa zimekuwa zikitoka Australia huko Queensland na Brazil. Kwa milimani ndo patula na mchanganyiko wake. Anzia kuuliza kituo cha mbegu za miti cha NFA (mamlaka ya misitu ya taifa) kule Namanve, au wauza mbegu wanaotambulika. Mbegu ya kuokota chini ya mti wa jirani haina uhakika wowote.
- Magome ya paini yaliyooza vizuri, na mchanga wa mto wenye chembe kubwa, ulioshwa.
- Trei za mashimo marefu, angalau sentimita 10 kwenda chini. Kaveera ndogo inafaa ukikosa, ila mizizi huzunguka ndani yake, uwe makini.
- Neti ya kivuli ya asilimia 50, plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, mbao, mawe, changarawe.
- Mkasi wa kupogolea mkali kabisa, spiriti ya kufutia, jiki ya kuoshea trei.
- Bomba la kunyunyizia lenye tundu dogo sana, lisilowahi kutiwa dawa ya magugu. Nasisitiza hilo la mwisho.
- Kipimajoto cha bei rahisi, daftari, na kalamu isiyofutika kwa maji.
- Homoni ya mizizi ya unga kama unaipata. Sio lazima, nitaeleza.

Kitu cha muhimu kuliko vyote hapo hakipatikani dukani: miti mama michanga. Umri wa mama ndo unaoamua karibu kila kitu. Paini ikizeeka, hata miaka mitano tu, matawi yake yanasahau kutoa mizizi, na machache yatakayotoa yanakua kwa ubavu kama tawi badala ya kusimama kama mti. Mimi mwenyewe nilipoanza nilikata vijiti 400 kwenye shamba la paini za miaka minane, nikavihudumia miezi minne, vikabaki hai sita, na katika hivyo sita vinne vikalala chini kama mboga ya maboga. Ile miezi minne ilinifundisha kwamba huwezi kulazimisha mti mzee.

Hatua ya 1: Otesha miti mama

Otesha mbegu kama kawaida. Miche ikifika kimo cha sentimita 15 hivi chagua ile yenye nguvu, iliyonyooka, yenye majani ya sindano ya kijani kibichi, hamishia kwenye kitalu kilichoinuliwa kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30, au kwenye kaveera kubwa za lita tano. Mahali pawe na jua lote, maji yasituame, na pawe mbali na miti mikubwa ya paini kama inawezekana maana wadudu na vimelea vya magonjwa hushuka kutoka juu.

Weka alama hapa hapa. Kila familia ya mbegu (zilizotoka kwa mzazi mmoja) na mstari wake, kila mstari na kibao chake. Ukichanganya sasa hutakuja kujua tena ni mama yupi alikuwa mzuri.

Hatua ya 2: Kata kichwa

Mche ukifika sentimita 30 hivi kata ncha ya juu ubaki na sentimita 15 hadi 20. Wengi wanaogopa hapa, wanaona wanaua mti. Haufi, unakasirika tu, unatoa machipukizi mengi pembeni, na hayo ndo mavuno yako.

Angalizo kubwa: usikate hadi chini ya majani ya kijani. Paini sio kalitusi. Kalitusi ukiikata kisiki kinachipua, paini ukiiacha mti mtupu bila sindano mara nyingi ndo imekwisha, kwa sababu machipukizi mapya yanatoka pale kwenye vishada vya sindano. Kila ukikata acha vishada vya kutosha chini ya kidonda.

Baada ya hapo kazi ni kuuweka mfupi siku zote. Mti mama uwe kama kichaka cha kufika gotini, kila chipukizi linalokimbia juu likatwe. Kuukata mara kwa mara kunauchelewesha kuzeeka, huo ndo ujanja wote wa kazi hii.

Hatua ya 3: Lisha, lakini kwa kiasi

Mama unayemkata kila baada ya wiki chache anahitaji chakula. Mbolea ya NPK kidogo kidogo kila mwezi inatosha, na maji kila ardhi ikikauka kidole kimoja kwenda chini. Usimwage yurea ukitaka machipukizi ya haraka. Yanakuja kweli, marefu, laini, yamejaa maji, alafu ukiyachomeka yanaoza wiki ya pili. Wiki mbili kabla ya kuvuna mimi siweki mbolea ya nitrojeni kabisa.

Hatua ya 4: Andaa udongo wa kuchomekea

Magome mabichi kutoka kwa wapasua mbao usiyatumie hivyo hivyo, yana utomvu na yanaunguza mizizi michanga. Yasage au yapondeponde yawe vipande vidogo kuliko kucha ya kidole kidogo, yarundike, yalowanishe, changanya na mbolea ya kuku kidogo, funika, geuza kila wiki mbili. Rundo litapata moto hadi mkono haukai ndani. Baada ya miezi mitatu minne hivi moto unaisha, rangi inakuwa nyeusi na harufu inakuwa ya udongo wa msituni baada ya mvua. Hapo yameiva. Yakinuka siki au yakiwa bado ya moto, subiri.

Changanya madebe mawili ya magome kwa debe moja la mchanga. Chukua konzi moja iliyoloa ikamue: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka ongeza mchanga, yasipotoka kabisa ongeza maji. Kipandikizi hakina mizizi kwa hiyo hakihitaji mbolea kwenye udongo huu, kinahitaji hewa na unyevu tu. Watu wanatia samadi hapa wakidhani wanasaidia, wanalisha fangasi.

Trei zilizowahi kutumika ziloweke kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika 20, kisha suuza uanike juani. Usiruke hili. Ile Fusarium inakaa kwenye trei chafu na udongo wa zamani ikisubiri mche mpya.

Hatua ya 5: Jenga kisanduku cha unyevu

Chimba au inua fremu ya mbao, upana mita moja ili mkono ufike katikati, urefu utakaoweza. Tandika plastiki nzito chini isiyo na tundu. Weka mawe unene wa sentimita 10, juu yake changarawe. Chomeka kipande cha mwanzi mtupu pembeni kiguse chini, hapo ndo utakuwa unaangalia na kuongeza maji. Jaza maji yafike karibu na uso wa changarawe lakini yasiupite, trei zikae juu ya changarawe kavu sio ndani ya maji. Juu funika na plastiki nyeupe iliyobanwa kwenye fremu kama mfuniko, alafu kisanduku chote kiwe chini ya neti ya kivuli.

Maji yanapanda kama mvuke, yanashikwa na plastiki, yanarudi. Asubuhi ukiona matone ndani ya plastiki yamejaa kama jasho ujue kinafanya kazi. Ukiona plastiki kavu kuna mahali panavuja, tafuta.

Joto ndani liwe kati ya 20 na 30. Likifika 35 vipandikizi vinaanza kuiva, ongeza kivuli juu na nyunyizia. Usifungue mfuniko mchana wa jua kali ukidhani unapoza, unakausha kila kitu ndani ya dakika chache.

Hatua ya 6: Vuna asubuhi

Anza saa kumi na mbili na nusu au saa moja, umande ukiwepo. Ikifika saa tatu jua limepanda, acha.

Tafuta chipukizi la sentimita 8 hadi 10, ncha yake imefunga, sehemu ya chini imeanza kukaza lakini haijawa kahawia. Mimi napima hivi: nalipinda taratibu kati ya vidole viwili. Likipinda kama uzi bado ni laini mno. Likikatika kwa mlio limeshakomaa mno. Likipinda alafu likarudi lenyewe mahali pake, hilo ndo langu.

Kata kwa mkasi uliofutwa spiriti, na ufute tena kila ukihamia familia nyingine. Mama mmoja tunayefanya naye kazi alinionyesha kitu ambacho sasa ndo sheria ya nasari: anafunga kitenge kilicholoa kiunoni kama mfuko, kila akikata anaingiza humo, hakuna kijiti kinachoguswa na jua hata dakika moja. Ndoo yenye kitambaa kilicholoa inafaa pia. Ila usiviache vimezama kwenye maji masaa mengi, na usivune leo ukachomeka kesho. Kata kiasi ambacho mikono yenu itamaliza kuchomeka siku hiyo hiyo, na ikiwezekana kabla ya saa sita mchana.

Mti mama wenye ncha iliyokufa, unaovuja utomvu au wenye sindano za njano, usikate kwake hata kimoja. Ung'oe na uuchome. Najua inauma baada ya kuutunza mwaka mzima, lakini kutoka kwenye huo mmoja utasambaza ugonjwa kwenye mamia.

Hatua ya 7: Andaa na chomeka

1. Rekebisha kidonda cha chini kwa kukata upya, mkato mmoja safi, wembe mpya ndo mzuri kuliko mkasi hapa.
2. Ondoa sindano kwenye sentimita 2 au 3 za chini za kijiti kwa vidole, polepole. Ukivuta kwa nguvu unachuna na ganda. Sindano za juu ziache zote, hizo ndo chakula chake cha miezi miwili.
3. Kama una homoni, chovya sentimita moja ya chini kwenye unga, gonga kidogo uliozidi uanguke. Toa unga kidogo kwenye kisahani, usichovye kwenye kopo lenyewe. Kutoka kwa mama mchanga vijiti vinatoa mizizi hata bila homoni, inasaidia kuharakisha na kusawazisha tu. Kutoka kwa mama mzee hata kopo zima halisaidii. Asali mimi siitumii.
4. Toboa shimo kwa kijiti cha unene wa penseli, ingiza kipandikizi sentimita 2 hadi 3, bana udongo kwa vidole viwili. Usikisukume moja kwa moja bila kutoboa, unakwangua homoni na kuumiza kidonda.
5. Nyunyizia mara moja, funika.

Mikono itajaa utomvu, sabuni haitoi, paka mafuta ya kupikia kwanza ndo unawe.

Hatua ya 8: Wiki nne za kwanza

Kuanzia pale mkasi ulipopita kipandikizi kiko kwenye safari ya kukauka, hakina mdomo wa kunywea, kazi yako yote ni kukichelewesha hadi kiwe na mizizi. Kwa hiyo sindano zisikauke. Nyunyizia ukungu mwepesi asubuhi kabla ya jua na jioni, mchana ukiwa mkali mara moja zaidi kwa haraka alafu funika. Ni ukungu, sio kumwagilia. Udongo ukijaa maji kidonda kinakosa hewa kinakuwa cheusi.

Pita kila siku mbili utoe kilichokufa na sindano zilizoanguka. Kilichooza kikiachwa kinaota fangasi ya kijivu na inaruka kwa jirani zake. Ukitumia dawa ya fangasi tumia iliyosajiliwa, soma kibandiko, vaa glavu, na usizidishe kipimo.

Na usivute. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya tano chini ya kijiti panaota uvimbe mweupe mdogo, kama punje ya mtama iliyobandikwa hapo, mizizi itatokea kwenye huo. Ukivuta kuangalia unauvunja, kijiti kinaanza upya na nguvu hakina tena. Ukitaka kuchungulia chagua trei moja ya pembeni iwe ya majaribio, hizo nyingine zikae kimya.

Hatua ya 9: Mizizi na fangasi rafiki

Wiki ya nane hadi ya 12 mizizi inakuwepo. Utaiona ikichungulia kwenye tundu la chini la trei, na ncha ya juu inaanza kurefuka. Fungua mfuniko kidogo kidogo: wiki ya kwanza masaa mawili asubuhi, ya pili nusu siku, ya tatu ondoa kabisa ubaki na neti.

Hapa watu wengi wanasahau jambo kubwa. Paini sio mti wa kwetu, na bila fangasi rafiki wa mizizi inadumaa, inakuwa ya njano hata uitie mbolea ya aina gani. Fangasi hao hawapo kwenye udongo wa shamba la mihogo. Chukua udongo mweusi wa juu, ule wenye nyuzi nyeupe chini ya sindano zilizoanguka, kwenye shamba la paini lenye afya, changanya konzi chache kwenye maji, mwagia miche. Baada ya muda ukiangalia mizizi utaona ncha fupi zilizogawanyika mbili kama uma, zimevaa weupe. Ni jambo la kufurahisha kuliona.

Lakini udongo huo huo unaweza kukuletea na ugonjwa. Mwaka mmoja nilipewa gunia la udongo na mtu niliyemwamini, sikuuliza umetoka wapi, nikapoteza trei 11 kwa kuoza shingo. Sasa naenda kuchota mwenyewe, naangalia kwanza miti iliyo juu yake: kama kuna ncha zilizokufa au utomvu unaotiririka kwenye shina, naondoka. Na usimwage dawa kali ya fangasi kwenye udongo baada ya hatua hii, utaua na marafiki.

Sasa ndo mbolea inaanza, NPK iliyoyeyushwa kwenye maji, nyepesi, mara moja kwa wiki.

Hatua ya 10: Komaza, alafu shambani

Miezi mitatu hivi ya mwisho ondoa neti, punguza maji, miche izoee jua na upepo. Mche uko tayari ukiwa na sentimita 20 hadi 25, shina gumu, na ukiuvuta kwenye trei unatoka na udongo wote umeshikwa na mizizi. Tangu kuchomeka hadi hapo hesabu miezi sita hadi tisa. Kwa hiyo rudi nyuma kwenye kalenda: katikati na kusini mvua za kupandia ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, sisi huku Zombo tunategemea zaidi ile inayokolea kuanzia Agosti. Mtu anayechomeka Juni apande Agosti anajidanganya.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche 1,111 kwa hekta. Changanya familia tofauti shambani, usijaze hekta nzima kwa mama mmoja hata kama ndo bora kuliko wote. Kipandikizi ni nakala, ikija shida anayoshindwa yeye, watashindwa wote siku moja, na paini utaisubiri miaka 18 au 20. Wenzetu Kenya walikuwa na Pinus radiata nyingi, mti mzuri kabisa, ugonjwa wa kukausha sindano uitwao Dothistroma ukawafanya waache kuipanda miaka ya 1960.

Palilia vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, majani yakiufunika mche huo uvumilivu wa magonjwa hauna kazi. Mchwa nao waangalie mapema, hasa sehemu kavu.

Usivushe vijiti mpakani

Hili naliweka peke yake kwa sababu huku tuko karibu na Kongo na mtu anaona ni kitu kidogo, vijiti 50 kwenye mfuko juu ya boda. Mdudu mweupe wa pamba anayenyonya paini aliingia Kenya miaka ya 1960 akiwa kwenye vikonyo vya paini vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya kupandikiza. Wataalamu walileta kwa nia njema. Ukitaka kuingiza mbegu au mmea kutoka nje kuna kibali cha Wizara ya Kilimo, wakaguzi wake wako Entebbe, fuata hiyo njia.

Mambo yakienda vibaya

*Kidonda cha chini kimekuwa cheusi na laini, wiki ya pili au ya tatu.* Maji mengi, au chipukizi lilikuwa laini mno, au trei chafu. Toa vyote vilivyooza, punguza kunyunyizia, angalia kama maji ya kisanduku hayajapanda yakagusa trei.

*Sindano zimekauka kuanzia nchani, kidonda bado kizuri.* Hewa ni kavu. Plastiki inavuja, au umefungua sana, au ulichelewa kuchomeka baada ya kukata.

*Uvimbe mkubwa kama punje ya hindi lakini hakuna mizizi mwezi wa tatu.* Mara nyingi mama amezeeka, au usiku ni baridi sana. Huku milimani baridi ya Juni na Julai inachelewesha kila kitu, naweka magunia juu ya plastiki usiku naondoa asubuhi. Kama ni umri, hakuna cha kufanya zaidi ya kubadilisha mama.

*Mche una mizizi ila unakua kwa ubavu.* Ulikata matawi ya pembeni ya mti mzee. Michache hunyooka baada ya miezi, mingi hapana. Usimuuzie mtu miche hiyo.

*Mizizi iko upande mmoja tu.* Kidonda kilikatwa mshazari mrefu au ulikwangua upande mmoja. Kata kwa unyoofu. Mche wa mizizi ya upande mmoja unaangushwa na upepo ukiwa mkubwa.

*Umetoa mizizi vizuri, sasa ni wa njano na haukui.* Angalia fangasi rafiki kwanza kabla ya kukimbilia mbolea.

*Ncha imepinda, imenyauka, na kuna tone la utomvu shingoni.* Kwaruza ganda kidogo hapo kwa wembe. Mti ndani ukiwa umelowa utomvu na umegeuka kahawia usijaribu kutibu. Toa trei nzima, choma miche, mwaga udongo shimoni mbali na nasari, osha trei kwa jiki, nawa mikono kabla hujagusa nyingine, na mpigie afisa misitu wa wilaya aje aone.

*Pamba nyeupe kwenye ncha na kwenye vishada vya sindano.* Ni yule mdudu niliyemtaja. Ikiwa ni miche michache kata ncha uchome. Ikiwa ni mti mama, usivune kwake hadi uwe safi kabisa miezi kadhaa.

*Mavuno ya mwaka huu yametoa mizizi kidogo kuliko mwaka jana na hujabadilisha kitu.* Fungua daftari uangalie tarehe miti mama ilipooteshwa. Mimi kila mwaka naotesha mama wachache wapya, na mwenye miaka mitatu minne namstaafisha, tena namuacha akue awe mti pale pembeni mwa nasari.